Kwa Mnaoanza Kusoma Historia ya Kanisa Kuu la Canterbury

Wanafunzi wengi wanaoanza kusoma historia ya Kanisa Kuu la Canterbury, kule Kent nchini Uingereza, hukimbilia mauaji ya Askofu Mkuu Thomas Becket ya tarehe 29 Desemba 1170. Kisa hicho hakikwepeki, lakini ushauri wangu ni kwamba muanze na moto wa Septemba 1174, kwa sababu ndio ulioamua sura ya upande wa mashariki wa jengo tunaloliona leo.

Habari za moto huo tumeachiwa na Gervase, mtawa aliyeishi humo humo. Anasimulia kwamba nyumba ndogo tatu ziliwaka nje ya lango, upepo mkali ukarusha cheche, nazo zikapenya kwenye viungo vya mabamba ya risasi yaliyoezeka paa. Mbao zikaungua kwa siri, kati ya mabamba hayo na dari iliyopakwa rangi, hata watu walipoona moshi mambo yalikuwa yameshaharibika. Fundi Mfaransa, William wa Sens, aliitwa kuukagua uharibifu, na kwa muda aliwaficha watawa ukubwa wake ili wasikate tamaa. Mwaka 1178 alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akaumia vibaya, na kazi ikamaliziwa na William mwingine, Mwingereza.

Gervase anasema pia kwamba nguzo mpya zilikuwa na unene ule ule wa zile za kale ila zilizidi urefu kwa takriban futi 12, na kwamba mapambo ya zamani yalichongwa kwa shoka, si kwa tindo, yaani kazi ya kale haikuwa na ustadi. Hapa msimeze kila neno. Kanisa la chini ya ardhi, ambalo ni la kabla ya moto, lina vichwa vya nguzo vilivyochongwa wanyama wanaopigana na wengine wanaopiga ala za muziki, tena kwa ustadi mkubwa. Shahidi aliyeona kwa macho yake naye huwa na upande anaoupendelea, na mawe yapo ya kumhoji.

Jambo jingine ni tarehe. Insha inayodai kwamba kanisa hili “lilijengwa mwaka fulani” hunichosha kabla sijamaliza ukurasa. Augustino, mmisionari aliyetumwa na Papa Gregori na aliyeanzisha kanisa hili, alifika Kent mwaka 597. Askofu Mkuu Lanfranc alilijenga upya kuanzia 1070. Ukumbi wa waumini wa leo ulianzwa karne ya 14, na mnara wa kati ni wa mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo tajeni sehemu kwanza, kisha mwaka.

Mkishayajua hayo, mrudieni Becket. Mabaki yake yalihamishiwa kwenye kaburi la fahari mwaka 1220, ndani ya kanisa dogo la Utatu lililojengwa baada ya moto. Kaburi hilo lilivunjwa mwaka 1538 chini ya Mfalme Henry VIII, lakini baadhi ya madirisha ya vioo vya rangi yaliyolizunguka, yanayoonyesha wagonjwa wakiponywa, yamesalia. Yasomeni mkijiuliza watawa walitaka hujaji aliyefika pale aamini nini.