Chingamu ya nikotini yanipa kwikwi

Swali: Nina siku 4 bila sigara. Chingamu ya nikotini inanipa kwikwi na kiungulia, na hamu haiishi. Nakosea wapi?

Jibu: Hongera, ndugu msomaji, siku hizi za mwanzo ndizo ngumu. Unaitafuna kama bazoka, nikotini unaimeza na mate. Itafune polepole hadi ikuwashe kama pilipili, kisha ibane kati ya shavu na ufizi. Muwasho ukiisha, tafuna tena, uhamishie upande wa pili. Jumla dakika 30 hivi. Dakika 15 kabla, usiguse kahawa wala soda: uchachu wake huzuia nikotini kupenya mdomoni. Na kama ulikuwa ukiwasha sigara ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, chukua ya miligramu 4, si 2.