Darasa la tatu wanaongoja mwalimu kwa kila kitu: nilivyofanya darasani kwangu

Mwalimu mwenzangu, pole na kazi. Umeuliza ufanyeje na darasa la tatu lenye watoto zaidi ya 80, ambao ukiwaambia wasome wanangoja uanze wewe nao waitikie, na ukiwaambia waandike wanangoja ubao ujae wanakili. Nami nafundisha darasa hilohilo, shule ya serikali, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayoyafanya.

Tangu mtaala wa 2015, darasa la kwanza na la pili wamejikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Wakifika la tatu masomo yanaongezeka, na muda wa kusoma kwa ajili ya kusoma tu unapotea. Isitoshe, Kiswahili kinasomeka kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anaweza kutiririsha ukurasa mzima bila kuelewa. Muulize nani kaenda wapi, anakukodolea macho.

Tenga dakika 10 za kujisomea kila siku, saa ileile. Mimi nimeziweka baada ya mapumziko. Mtoto achague mwenyewe cha kusoma, hata kama ni kilekile cha jana. Wanaonong'ona usiwakemee, midomo itatulia yenyewe.

Kazi kubwa ni kuwafundisha la kufanya wakikwama, maana 80 wakiita "Mwalimu, hapa pameandikwaje?" hakuna kujisomea tena. Maneno yetu ni marefu. Chukua "walipomkaribisha". Mtoto anafunika kwa kidole, anasoma "wa-li-po", anasogeza kidole, "m", halafu inabaki "karibisha", neno analolisikia nyumbani kila mgeni anapobisha hodi. Likimshinda, amalize sentensi kisha arudi. Bado? Amuulize jirani. Mimi ni wa mwisho kabisa. Wiki za mwanzo kutakuwa na kelele, vumilia.

Vitabu vya kiada havitoshi, hilo tunalijua. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili, bure, na unaruhusiwa kuzichapa. Zimepangwa kwa ngazi, za chini kabisa zina neno moja au sentensi moja kwa ukurasa. Chapa, kunja, shona kwa uzi, weka jalada la manila. Changanya ngazi kwenye boksi moja ili asijulikane nani anasoma "vya wadogo". Vitachanika, na vichanike. Kitabu cha kabatini hakimsaidii mtoto yeyote.

Kwenye kuandika, kila mtoto ana daftari dogo la pembeni ambalo silipitishii kalamu nyekundu. Daftari la somo nalisahihisha kama kawaida, wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija wanalikuta. Hili dogo ni la kuniandikia jambo lake, hata sentensi moja. Binti mmoja aliandika: "jana mbuzi wetu kazaa mapacha mmoja hataki kunyoya". Sikugusa kitu. Nikaandika chini yake: "Huyo asiyetaka kunyonya mnamlishaje?" Kesho yake nikapata nusu ukurasa kuhusu chupa ya soda, maziwa ya mbuzi wa jirani na bibi aliyeamka usiku kumnywesha, na "kunyonya" limeandikwa sawasawa kila mahali. Mtoto anayejua kuna mtu atakayemjibu hangoji ubao. Huwezi kujibu madaftari 80 kwa siku, wala usijaribu. Mimi najibu mstari mmoja wa madawati kwa siku, na wenyewe wanajua zamu yao.

Halafu kuna wale ambao silabi bado hazijakaa, na najua darasani kwako wapo. Hao usiwaache na boksi wakifunua picha tu. Wenzao wakishazoea kujisomea bila kukuita, dakika hizo 10 ni zako na wao: kaa nao mkekani nyuma ya darasa, anzeni na "mwa", "nya", "ng'o", mmoja mmoja, bila darasa zima kuwasikia wakikosea.