Linda namba ya duka lako kwenye ramani ya Google

Ninauza vipuri vya Toyota hapa Lubumbashi, komini ya Kampemba, na wateja wangu wengi hawajawahi kunitia machoni. Wako Kolwezi, Likasi, Kasumbalesa. Wanatafuta vipuri kwenye simu, wanaliona duka kwenye ramani ya Google, wanapiga, tunapatana bei, wanatuma avansi (malipo ya kutanguliza) kwa M-Pesa au Airtel Money, nami napakia mzigo kwenye basi. Katika biashara ya namna hii, mwenye namba iliyoandikwa kwenye ramani ndiye anayepokea pesa.

Mwaka jana mteja wa Kolwezi alinipigia kwa namba aliyoikuta kwenye faktura yake ya zamani. "Yaya, avansi ya ile alternata nimetuma tangu juzi, mbona kimya?" Kwangu hakikuingia kitu. Nikafungua ramani: jina ni langu, picha ni zangu, saa za kufungua ni zilezile, ila namba ya simu si yangu. Wala hakuna aliyeiba neno langu la siri. Mtu aliingia tu pale pa kupendekeza marekebisho, akaandika namba yake, pendekezo likapita. Pesa hazikurudi. Tuligawana hasara: nilimpa alternata kwa bei niliyoinunulia.

Mtu yeyote mwenye akaunti ya Google anaweza kupendekeza namba nyingine, anwani nyingine, au hata kwamba duka lako limefungwa kabisa. Google ilitangaza kwamba mwaka 2024 ilizuia au kuondoa marekebisho zaidi ya milioni 70 yaliyovunja kanuni zake, pamoja na biashara bandia zaidi ya milioni 12. Hizo ni zile zilizonaswa. Mimi sasa nafungua ukurasa wa duka langu kila Jumatatu asubuhi, kwa simu ya mtu mwingine, nauona kama mteja anavyouona.

Kama duka lako liko kwenye ramani na bado hujajiandikisha kuwa mmiliki wake, fanya hivyo wiki hii. Ni bure. Akikupigia mtu anayejiita wa Google akitaka dola ili duka lisifutwe, au akitaka umsomee tarakimu zilizoingia kwenye SMS, kata simu. Ili kuthibitisha kwamba duka ni lako, siku hizi Google mara nyingi huomba video isiyokatwa. Anza barabarani, majirani waonekane, kisha kibao chenye jina, kisha fungua kufuli kwa mkono wako na uingie hadi nyuma ya kaunta, mahali asipofika mteja. Irekodi mchana, maana umeme ukikatika rafu hazitaonekana. Weka tayari pia picha ya RCCM (hati ya usajili wa biashara) au patente (leseni ya biashara ndogo), na faktura ya SNEL, kampuni ya umeme, yenye anwani hiyohiyo.

Linaloniuma zaidi ni hili la kijana wa kompyuta. Tunamlipa atuwekee duka kwenye ramani, naye anatumia barua pepe yake mwenyewe. Siku mkikosana, yeye ndiye mmiliki, na wewe unabaki kubembeleza duka lako. Mmiliki mkuu awe wewe, kwa barua pepe yako. Yeye mpe umeneja tu, utamwondoa ukitaka. Na barua pepe hiyo uwe unaisoma! Wengi wetu tuliifungua ili simu ikubali kuwaka, tukaisahau. Mtu akiomba umiliki wa duka lako, Google inakuandikia humo na kukupa siku 3 za kujibu. Ukinyamaza, anaweza kuruhusiwa kujithibitisha kuwa mmiliki.

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yako ya Google, ili neno la siri peke yake lisitoshe kuingia. Laini zetu hupotea na simu huibwa, kwa hiyo chapisha zile namba 10 za akiba za kuingilia ambazo Google inakupa, uziweke pamoja na hati za duka.

Kuna jambo moja lililonisaidia kuliko yote. Nimechoresha kibao kipya chenye namba yangu na jina linalotokea mteja anaponitumia pesa, nikakipiga picha na kuiweka kwenye ramani. Tapeli akibadilisha namba iliyoandikwa, ile ya kwenye picha inabaki. Mteja mpya akiona namba mbili tofauti, atauliza kabla ya kutuma.

Ukikuta namba imebadilishwa, usiisahihishe kwanza. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya tapeli, ndipo urekebishe. Halafu weka tangazo kwenye status ya WhatsApp saa hiyohiyo, kabla mteja mwingine hajatuma avansi. Picha hiyo na ujumbe wa malipo wa mteja vipeleke kwa mtandao wa simu na polisi siku hiyohiyo, pesa zikiwa bado hazijatolewa.