Penseli, raba na Jumatatu za Mama

Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye hapa Kisumu, na siku hiyo siwezi kufunga kibanda changu cha mitumba. Kwa hivyo Mama namtembelea Jumatatu. Napanda matatu ya Kakamega, nashuka Mbale, na mkobani nina mkate, sukari na fumbo la maneno nililolikata gazetini, lile la visanduku vya kujazwa herufi wima na mlalo.

Mama alifundisha shule ya msingi miaka mingi. Mwaka jana majina yalianza kumponyoka. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akituchorea visanduku vya maneno nyuma ya madaftari yaliyoisha, nikasema tutarudi huko.

Jumatatu moja nilifika nikamkuta amenyong'onyea, kwa kuwa jina la mjukuu wake wa kwanza lilikuwa limempotea tangu asubuhi. Tukaketi kivulini. Kidokezo cha wima: chombo cha kupepetea nafaka, herufi nne. Nikaandika UNGO bila kusita. Kisha mlalo ukatupa KITI, na T yake ikaangukia kisanduku cha pili cha neno langu. Nikakwama. Mama akachukua raba, akafuta, akaandika UTEO.

"Mwanangu, kitu kimoja hakina jina moja tu."

Hiyo ndiyo raha yenyewe. Neno usilolijua halikuachi peke yako; majirani zake hukukopesha herufi moja, halafu nyingine, hadi lijitokeze. Na likishatoka, unagundua kumbe lilikuwa kichwani mwako siku zote.

Mwaka 2022 jarida la kitabibu la NEJM Evidence lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watu 107 ambao kumbukumbu zao zilikuwa zimeanza kufifia kidogo. Kufikia wiki ya 78, waliokuwa wakijaza mafumbo ya maneno walikuwa na nafuu kuliko waliopewa michezo ya kompyuta. Sisemi fumbo ni dawa. Kliniki Mama anaenda, na ukiona mzazi wako anasahau, mpeleke kwanza akaonwe.

Ukitaka kuanza, shika penseli, si kalamu. Anza na maneno mafupi. Kiswahili kina huruma yake: karibu kila neno huishia kwa irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kina A, E, I, O au U, na mara nyingi ni A. Kidokezo kikiwa katika wingi, tazamia WA, MI, VI au MA mwanzoni. Kikiwa kitenzi, huenda kikaanza na KU. Mimi huandika viambishi hivyo kwa penseli, kwa wepesi, kabla hata sijajua neno, na mara kadhaa vimenifungulia kona nzima. Kamusi iwe karibu, ila ifunguliwe mwisho. Simu iache ndani ya nyumba, kwa sababu jibu ulilopewa na simu husahaulika kabla chai haijapoa.

Mchezo huu ulizaliwa mbali. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha fumbo lake katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Lakini sisi tuliolelewa kwa "Kitendawili!" "Tega!" hatuingii humo kama wageni. Kutajiwa sifa za kitu ili ukitaje jina ni jambo tulilolifanya jikoni, moshi ukituwasha macho, na ndiyo maana nasisitiza ulijaze na mtu. Peke yako utafurahi. Mkiwa wawili mtabishana, mtacheka, na mzee atapata nafasi ya kukufundisha tena.

Hatulimalizi kila mara. Jua likianza kushuka naenda kungoja matatu, na visanduku vilivyobaki namwachia Mama mezani pamoja na penseli. Jumatano usiku simu yangu hulia.

"Nimelipata," husema, kabla hata ya salamu.