Tumbo likitulia, usikimbilie kuusifu mti

Wiki hii nusu ya maswali ni ya tumbo, na mengi kati ya hayo yameandikwa na watu waliokwisha kununua chupa na sasa wanataka niwaambie hawakutupa pesa. Nitajaribu kuwa mpole.

*Nina IBS (tumbo linalouma, kujaa gesi, kuhara au kufunga choo bila vipimo kuonyesha ugonjwa) mwaka wa nne. Mwezi uliopita nilianza kunywa maji ya mwarobaini kila asubuhi, na baada ya wiki mbili tumbo likatulia. Je, nimepona? – Kawangware*

Umepata nafuu, na nimefurahi. Kwamba mwarobaini ndio ulioileta, hilo hujalithibitisha. Utumbo wa IBS una misimu: leo unahara, kesho choo kimefunga, keshokutwa hakuna neno. Na hakuna anayetafuta dawa siku tumbo limetulia. Unaitafuta siku limekuchachamalia, na siku kama hiyo hata ungekunywa uji mtupu, wiki mbili baadaye ungekuwa afadhali. Tena nikuulize: uliacha nini mwezi huo? Wauza miti wengi humwambia mteja aache maharagwe, vitunguu na chai ya maziwa, na kwa wengi wenye IBS hivyo ndivyo vinavyojaza gesi. Mti unasifiwa, kumbe aliyefanya kazi ni sufuria ya githeri iliyokaa bila kubandikwa.

*Ni mti gani unaotibu IBS kabisa? – wasomaji watano, mmoja kwa herufi kubwa*

Hakuna. Wala kidonge. Hili nalijibu karibu kila mwezi.

*Nauza Gikomba dawa ya tumbo niliyoachiwa na nyanya yangu. Wateja hurudi kunishukuru. Nifanyeje ipimwe, watu waache kunidharau?*

Wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri. Wauzaji wengi huniandikia nitangaze dawa zao, si nieleze zinavyopimwa.

Anza kwa kusahau shukrani. Asiyepona harudi kukulaumu, anaenda kibanda cha jirani yako. Kwa hiyo unawasikia wa upande mmoja tu.

Kisha umjue mshindani wako. Si hospitali, ni kidonge kitupu. Mwaka 2010 watafiti wa Boston waliwapa wagonjwa wa IBS vidonge visivyo na dawa yoyote, tena wakawaambia hivyo waziwazi. Baada ya wiki 3, asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 35 ya wale ambao hawakupewa kidonge. Dawa ya nyanya lazima imshinde huyo.

Inawezekana. Mwaka 1998 kulichapishwa jaribio la Sydney lililopima mitishamba ya Kichina kwa wagonjwa 116 wa IBS. Waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu: wa kwanza walipewa mchanganyiko mmoja kwa wote, wa pili kila mtu alichanganyiwa wake, wa tatu walipewa kapsuli zisizo na dawa. Kwa wiki 16 mgonjwa hakujua anameza nini, wala daktari aliyempima hakujua. Makundi mawili ya mitishamba yalipata nafuu kuliko lile la tatu. Hapo waganga wangeweza kushangilia. Lakini mwaka 2006 Hong Kong walipima mchanganyiko wao wa mimea 11 kwa watu 119 wenye IBS ya kuhara, na haukuishinda dawa tupu ya kulinganishia. Dawa ya mganga mmoja kufaulu si cheti cha waganga wote.

Kwa hiyo nenda KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wana kituo cha utafiti wa dawa za asili. Uwe umejiandaa: kila mmea na jina lake, ni mzizi, gome au jani, na kipimo kwa gramu, si konzi. Chupa ya Jumatatu ifanane na ya Ijumaa, la sivyo hakuna cha kupima. Na kabla hujautaja mti hata mmoja, andikishianeni mkataba. Elimu ya nyanya yako ni mali.

*Mafuta ya mnanaa je? – South B*

Hayo angalau yamepimwa. Hulegeza misuli ya utumbo. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2020, watu 190, halikufikia lengo lake kuu, ingawa aina moja ya kapsuli ilipunguza maumivu kiasi. Jaribu ukitaka, lakini meza kapsuli nzima. Ukiitafuna, kiungulia kitakufunza adabu.

*Muuzaji kwenye matatu anasema dawa yake haina kemikali. – Kayole*

Maji pia ni kemikali. Utomvu wa manjano wa mshubiri nao hautoki kiwandani, lakini unaendesha tumbo vikali, na mwaka 2002 Marekani iliuondoa kwenye dawa za kufungua choo zinazouzwa bila cheti cha daktari. Mwulize nambari ya usajili ya Bodi ya Dawa na Sumu. Huenda akashuka kituo kinachofuata.

*Nina miaka 52. Tumbo limeanza kunisumbua mwaka huu, naona damu chooni na nguo zinanipwaya. Nitumie mitishamba gani?*

Usitumie yoyote. Damu na kukonda si dalili za IBS, na kwa umri wako tatizo jipya la tumbo halisubiri. Nenda hospitali wiki hii, uwaeleze habari ya damu kabla ya mengine yote, na uulize kuhusu kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera. Wakikupa dawa ya amiba na kukurudisha nyumbani bila kukuchunguza, nenda kwingine. Na kama kuna chupa uliyokuwa ukinywa, ibebe umwonyeshe daktari.