Vifaa vya Montessori Nyumbani: Nunua Vichache, Kisha Nyamaza

Juzi dada mmoja wa Makorora, hapa Tanga, ameniandikia akiuliza kama achukue mkopo wa kikoba anunue seti nzima ya vifaa vya Montessori, vile vya mtoto kujifunza kwa mikono yake, maana mwanawe ametimiza miaka mitatu na anataka kumfundishia nyumbani. Nilimjibu palepale: usikope. Lakini jibu fupi namna hiyo halimtoshi mtu, na najua wengi mnaonisoma mna hamu ileile, mtoto aingie darasa la kwanza anajua kusoma na anapenda kusoma. Basi leo niseme yote.

Mwanangu nilimtoa chekechea kwa sababu alirudi na alama ya fimbo mgongoni. Kosa lake, hakutulia. Mtoto wa miaka mitatu! Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa nimemdekeza. Mpaka leo nikipita njia ile moyo unaniuma. Nikaamua nitamsomesha mwenyewe, na hapo maneno yakaanza. Wifi yangu alisema shughulini, mbele ya watu, kwamba namharibu mtoto wa kaka yake, nimemfanya mchambua kunde. Kunde kweli alizikuta sebuleni kwangu. Nitazifikia.

Kwanza tuelewane kuhusu huyo Montessori, maana hapa kwetu jina lake limegeuka kibao cha ada kubwa. Maria Montessori alikuwa daktari wa Kiitaliano. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto San Lorenzo, mtaa wa watu maskini mjini Roma. Walikuwa watoto wa vibarua, wazazi wakienda kazini wao wanabaki wakizurura. Kwa hiyo mtu asikwambie mambo haya ni ya watoto wa matajiri wa Raskazone peke yao.

Vifaa vyake vina akili ndani yake. Chukua mnara wa pinki: michemraba kumi, mdogo kabisa sentimita 1 kila upande, mkubwa sentimita 10, na kila mmoja unamzidi mwenzake sentimita 1. Rangi moja, umbo moja. Kinachobadilika ni ukubwa tu, ndiyo maana jicho la mtoto linaushika ukubwa bila kuhangaika na kingine. Nilimpa kazi hiyo fundi seremala wa Ngamiani, akanikatia kwa kukadiria, wa saba na wa nane wakawa karibu sawa. Nikamrudishia. Akashangaa, "Mama, si mtoto anachezea tu?" Hapana, fundi. Mtoto akikosea kupanga, mnara wenyewe ndio unaomwambia. Mimi sina haja ya kufungua mdomo. Vipimo vikiwa vya uongo, mwalimu ameondoka.

Sasa kunde. Sinia, vikombe viwili, kunde nusu kikombe, na jamvi dogo ambalo ni eneo lake la kazi. Nilikaa upande wake wa kulia, nikamimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, polepole, sikusema neno. Kisha nikamsogezea sinia. Akamimina, zikamwagika mpaka nje ya jamvi. Nikaishika kanga yangu kwa mikono miwili nisimsaidie. Akainama, akaziokota mojamoja kwa kidole gumba na cha shahada, hata ile iliyoingia chini ya kochi, akarudi kumimina tena. Kidole gumba hicho na cha shahada ndivyo vitakavyoshika penseli. Wifi aliona mchezo wa kunde; mimi niliona mkono unaojifunza kuandika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na wa mwisho ni huu: mama, nyamaza. Sisi watu wa Pwani tuna maneno, na mtoto tunamjaza nayo: shika hivi, angalia, utamwaga, nilikwambia! Mtoto hawezi kutazama mkono wako na kusikiliza mdomo wako kwa pamoja. Onyesha kwa mikono, kisha kaa pembeni.

Herufi nilitengeneza mwenyewe. Msasa laini wa duka la vifaa vya ujenzi, gundi, na vibao: irabu kibao cha bluu, konsonanti kibao cha pinki. Mtoto anapitisha vidole juu ya msasa huku anatamka sauti. Sauti, si jina: mwambie "mmm", usimwambie "em". Unampa mbili tatu kwa wakati. Kwanza, "Hii ni mmm." Halafu, "Nionyeshe mmm." Mwisho, "Hii ni nini?" Akishindwa la mwisho usimwambie amekosea, rudi la kwanza siku nyingine. Hatua hizo tatu Montessori alizichukua kwa daktari Mfaransa, Édouard Séguin.

Na Kiswahili chetu kinakubali vifaa hivi vizuri ajabu. Tunaandika tunavyotamka, na maneno yetu ya asili yanaishia kwa irabu. Nilimkatia herufi ndogo za maboksi kwa rangi zilezile. Jioni moja, nyumba inanuka papa jikoni, aliniita. Jamvini amepanga pinki, bluu, pinki, bluu: p, a, p, a. Hakuna aliyemwambia aandike. Kusoma alikuwa hajaanza. Hata San Lorenzo watoto walitangulia kuandika. Nililia, na sioni haya kusema.

Msiniambie hamna muda. Muda wa simu mnao. Muda wa saa moja tu asubuhi, televisheni imezimwa, kifaa kimoja jamvini, kikimalizika kinarudishwa mahali pake kabla cha pili hakijatoka. Msibadilishe vifaa kila siku kwa kuogopa mtoto atachoka, anayechoka ni mama. Akirudia mnara uleule asubuhi nzima, mwacheni arudie. Kina baba nanyi, mkipita msimwite mtoto aje kusalimia wageni akiwa kazini. Mngeitwa nyinyi mkiwa kazini mngekasirika.

Wifi sasa anataka kuniletea binti yake wa miaka minne, awe anashinda na mwanangu. Nimemkubalia kwa moyo mweupe. Nimemwekea sharti moja tu: akija kukaa na kutazama, karibu sana, ila mtoto akiwa jamvini asimsemeshe.