Kiingereza cha konda

Juzi usiku msomaji mmoja wa Gongo la Mboto kaniandikia: "Dada, nina diploma, lakini nikiambiwa niandike imeili ya Kiingereza mwili wote unakufa ganzi. Nianzie wapi?" Nilitaka nimjibu mistari miwili nilale. Nikajikuta nakumbuka mambo niliyodhani yameshapita. Basi hili jibu tusome wote, maana najua na wewe hutaki kuzeekea kwenye kiti ulichokalia sasa.

Mimi nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Miaka sita iliyopita nilikuwa mgeni pale, najiona mtu wa Kiingereza kwelikweli kwa sababu sekondari nilipata B. Likaja kontena la mteja wetu wa Kariakoo, makaratasi hayapatani: ankara inasema katoni 412, pakingi listi, yaani orodha ya vilivyopakiwa, inasema 421. Nikatakiwa kumwandikia muuzaji wa Guangzhou, China, arekebishe. Nikakaa nusu saa nzima napika imeili. Ilianza hivi: "With reference to the above captioned subject matter, we humbly wish to bring to your kind attention..." Nilijisikia mwanasheria. Zile katoni zenyewe zilikuja kutokea aya ya tatu, zimebanwa ndani ya sentensi ya mistari minne.

Siku mbili kimya. Ya tatu akajibu: "So what do you want me to do?"

Huku nyuma siku za bure za kontena zinakatika. Marekebisho yanafika, demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena, imeshaanza kuhesabu, na mteja yuko ofisini amevimba. Jumatatu kwenye kikao bosi akaitoa imeili yangu aliyoiprinti, akaisoma kwa sauti neno kwa neno mpaka kwenye "kind attention". Watu wakacheka. Dada wa mapokezi alicheka hadi akafuta machozi, na Kiingereza chake yeye nakijua. Sijasahau, wala sina mpango wa kusahau.

Jioni ile nilirudi Mbagala nimesimama mlangoni mwa daladala, bega kwa bega na konda. Kijana mdogo, sauti imemkauka: "Rangi Tatu, Rangi Tatu! Wawili wa kukaa!" Gari linakwenda wapi, nafasi ngapi, utakaa au utasimama. Hakuna abiria aliyemuuliza anataka wafanye nini. Wawili wakapanda, wakakaa.

Hapo ndipo niliposhtuka. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, kuingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza kwa mkupuo. Tukafanya nini? Tukakariri. Tulikariri mpaka aya tusizozielewa, na zikatupa alama. Mpaka leo tunaandika kwa vipande tulivyokariri, na kile tunachokitaka tunakificha humo humo. Ndugu zangu, tuache! Maneno marefu hayajawahi kutoa kontena bandarini.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujagusa Kiingereza, andika kwa Kiswahili kitu unachotaka huyo mtu afanye. Sentensi moja. Ikikushinda kwa Kiswahili, Kiingereza hakitakuokoa. Kisha hiyo sentensi iweke juu, salamu zisiwe ndefu kuliko shida. Ile imeili yangu leo ningeiandika hivi: "The invoice says 412 cartons. The packing list says 421. Please correct the wrong one and send it today." Basi.

Wapo watakaokwambia uache kufikiri kwa Kiswahili. Waache na yao. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, lugha zote mbili zikakaa kichwani mwake bila kugombana. Jua tu mitego ilipo. Sisi neno "azima" tunalitumia kwa anayechukua na kwa anayetoa, ndiyo maana tunasema "borrow me a pen" badala ya "lend me a pen". Tunasema "nimetuma jana" na hakuna anayeshangaa, lakini "I have sent it yesterday" Kiingereza kinaikataa, kinataka "I sent it yesterday".

Halafu nilinunua kijidaftari. Kila asubuhi garini naandika sentensi moja ya nilichokiona dirishani. Siku ya kwanza: "A man is carrying a door on a bicycle." Nilitaka kutaja na bawaba zake, neno silijui, nikaandika "the iron that makes a door turn". Ubunifu wenyewe ndio huo, wala hauhitaji semina. Ukikosa neno, eleza kitu.

Miaka iliyofuata siisimulii, ilikuwa madaftari na foleni.

Wiki iliyopita bosi yuleyule kanitumia barua yake ya kwenda kwa wenye meli. "Pitia kidogo kabla haijatoka." Mistari kumi na tisa. Ombi lake nililikuta mstari wa kumi na saba. Nikamrudishia mistari mitano, kimyakimya, na kikao kilikuwa kesho yake.